Kazi ya Mikono Minne

Swali linaloua kikao cha kwanza cha mlezi wa kujitolea na mtoto ni hili: "Unapenda tufanye nini?" Mtoto anainua mabega, anasema "Sijui" au "Chochote tu", kisha wote wawili wanabaki wakitazama viatu vyao. Mlezi anaanza kujilaumu, au anamlaumu mtoto kwamba ni mzito wa kusema. Kumbe mtoto ameambiwa achague katika orodha ambayo hajaiona, mbele ya mtu mzima asiyemjua, na anahisi kuna jibu sahihi analotakiwa kulibahatisha.

Weka vitu viwili mezani. Kimoja ni amri, na vitano ni mtihani mwingine. Karatasi, uzi na vijiti upande huu, ubao wa dama upande ule, halafu uliza: "Tuanze na kipi?" Hata mtoto mwenye haya atanyoosha kidole.

Mlezi tunayemsema hapa si mzazi wala mwalimu. Ni mtu mzima aliyejitolea kukutana na mtoto mmoja saa moja au mbili kila wiki, mzazi akijua na kukubali. Utaratibu huu si wa jana. Mwaka 1904 karani wa mahakama ya watoto mjini New York, Ernest Coulter, aliwaomba watu wazima kila mmoja awe rafiki wa mtoto mmoja aliyepita mahakamani hapo, na ombi hilo likazaa harakati ya Big Brothers. Mwaka 1995 watafiti nchini Marekani walifuatilia jozi 82 za walezi na watoto. Walezi waliokuja na nia ya kumnyoosha mtoto, wakampangia kila kitu, wengi wao waliachana na watoto hao mapema. Waliotanguliza urafiki, wakamwachia mtoto sauti katika kuchagua shughuli, ndio walioendelea kukutana. Kwa hiyo mchezo si kitafunio cha kumlainisha mtoto kabla ya mawaidha. Mchezo ndio mlo wenyewe.

Lakini si kila mchezo. Kipimo tunachokitumia ni kimoja: mtoto akiondoka, je, kazi inasimama? Kama mlezi anaweza kuendelea peke yake bila shida, mtoto pale ni mtazamaji, na mtazamaji huchoka baada ya dakika kumi. Kazi nzuri ni ile inayodai mikono minne, yaani mmoja anashika na mwingine anafunga, mmoja anavuta na mwingine anaachia. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na hauurushi tiara pia. Faida ya pili huonekana baadaye: watu wawili wanaotazama kazi moja hawatazamani usoni, na mtoto asiyetazamwa usoni husema mambo ambayo asingeyasema akiwa ameketishwa kwenye kiti mkabala na mtu mzima.

Tiara, ambayo wengine huiita kishada, inapita kipimo hicho kuliko karibu kila kitu. Inataka vikao viwili: kimoja cha kuunda na kimoja cha kurusha. Usivibane katika siku moja, kwa sababu gundi haitakauka, na upepo hauji kwa miadi.

Tafuta vijiti viwili vyepesi na vilivyonyooka, unene wa milimita 5 hivi. Mwanzi uliochanwa unafaa sana. Kimoja kiwe sentimita 90, huo ni uti wa mgongo. Cha pili sentimita 75, hayo ni mabega. Kabla ya kufunga chochote, mpe mtoto kijiti cha mabega akilaze juu ya kidole, katikati kabisa, kwenye alama ya sentimita 37 na nusu. Kikiinama upande mmoja, upande huo ni mzito na unapaswa kupunguzwa kwa kisu kidogo kidogo hadi kilale sawa. Watu wengi huiruka hatua hii kwa sababu inaonekana kama mchezo tu, kisha hushangaa tiara yao inapoegemea upande mmoja angani siku nzima.

Weka alama kwenye uti sentimita 22 kutoka juu. Vijiti vipishane hapo. Mlezi anashika msalaba, mtoto anazungusha uzi mara sita kwa mshazari huu na mara sita kwa mshazari ule, kisha tone la gundi juu ya fundo. Katika kila ncha nne kata mfuo wa milimita 3. Ncha za mwanzi hupasuka hapo, kwa hiyo zungusha uzi mara kadhaa chini kidogo ya mfuo kabla ya kukata, si baada ya kuona ufa. Pitisha uzi mmoja kuzunguka ncha zote nne, ukaze bila kupinda vijiti. Sasa pima kutoka puani, yaani ncha ya juu ya uti, hadi bega la kushoto, kisha kutoka puani hadi bega la kulia. Vipimo viwili lazima vilingane. Vikitofautiana hata sentimita moja, sogeza bega kabla gundi haijashika.

Laza fremu juu ya karatasi nyepesi au plastiki nyembamba, kata ukiacha sentimita 2 kila upande nje ya uzi, kunja, bandika. Karatasi isilegee, na isivutwe mpaka ikapinda vijiti.

Baada ya hapo inakuja hatamu, na hapa ndipo tiara nyingi hufia. Chukua uzi wenye urefu ambao, ukishafungwa puani na mkiani, yaani ncha ya chini ya uti, kwa upande wa karatasi na si upande wa vijiti, utabaki sentimita 120 kati ya mafundo mawili. Fanya kitanzi kidogo juu ya uzi huo, ndipo utakapofungwa uzi wa kurushia, sentimita 42 hivi kutoka puani, kwa fundo linaloweza kusogezwa. Ukiinyanyua tiara kwa kitanzi hicho, pua inapaswa kuwa juu kidogo kuliko mkia. Usikaze fundo hili moja kwa moja, maana utalisogeza uwanjani, tena zaidi ya mara moja.

Mkia uwe na urefu wa mita 5, na vifundo vya utepe au karatasi kila baada ya sentimita 25. Hivyo ni vifundo ishirini. Vinachosha, vinajirudia, havihitaji akili, na ndiyo maana tunavipenda. Kati ya kifundo cha saba na cha kumi na tano ndipo mtoto huanza kuongea bila kuulizwa. Mlezi mwenye haraka huvifunga vyote nyumbani usiku ili kuokoa muda, na kwa kufanya hivyo hutupa nusu saa bora kuliko zote.

Siku ya kurusha, angalia majani ya miti. Yakitikisika muda wote na ukahisi upepo usoni, unatosha. Matawi makubwa yakianza kuyumba, rudini nyumbani, maana vijiti vya unene huu havitahimili. Simameni mahali pa wazi, mbali na majengo na miti, kwa sababu upepo ukishapita juu ya kizuizi huvurugika na kuipiga tiara kutoka kila upande. Waya za umeme zisiwepo karibu kabisa. Tiara ikinasa kwenye waya, imekwenda. Hakuna anayeifuata, hakuna anayevuta uzi. Sheria hiyo isemwe kabla ya kuanza, si wakati mtoto ameshaanza kukimbia. Wingu la radi likionekana, hata kwa mbali, shughuli imekwisha. Uzi uwe wa pamba au nailoni iliyosokotwa. Ule mwembamba wa kuvulia samaki hukata vidole. Glavu moja kwa mkono unaoshika uzi ni busara.

Halafu, msikimbie. Picha zote za watoto na tiara zinawaonyesha wakikimbia, na karibu kila tiara inayovutwa na mtoto anayekimbia huishia kuburuzwa ardhini. Mtoto ashike uzi, mgongo wake ukiupa upepo. Mlezi achukue tiara, atembee hatua 30 kuelekea kule upepo unakokwenda, aiinue juu ya kichwa, pua juu, karatasi ikimtazama mtoto. Uzi ukiwa umekaza na upepo umeongezeka, mtoto anasema "Achia!" Mlezi anaachia bila kusukuma, mtoto anavuta uzi mkono kwa mkono, na tiara inapanda kwa upepo wenyewe. Zingatia kwamba mwenye amri hapo ni mtoto. Katika wiki nzima huenda hilo ndilo neno pekee lake ambalo mtu mzima amelisubiri na kulitii.

Jaribio la kwanza hushindwa, na la pili pia. Ikizunguka kama pia, mkia ni mfupi; ongeza mita moja. Ikiegemea upande mmoja tu, bega la upande huo ni zito au karatasi imelegea huko. Ikivuta kwa nguvu lakini haipandi, kitanzi kiko chini mno. Kisogeze sentimita moja kuelekea puani. Ikipanda upesi, ikaelea juu na uzi ukalegea kisha ikaporomoka, kitanzi kiko juu mno, kirudishe chini. Badilisha jambo moja tu kila mara. Ukiongeza mkia na kusogeza kitanzi kwa pamoja, tiara inaweza kuruka, ila hamtajua ni kipi kilichoirusha. Na mlezi anayejua kosa liko wapi ajizuie kulitaja. "Unaona inafanya nini?" inatosha. Mtoto akisema "Inazunguka", nusu ya kazi imekwisha.

Siku isiyo na upepo, ndege za karatasi huokoa kikao, na kwa kikao cha kwanza kabisa hazina mpinzani, kwa kuwa hazihitaji ustadi wa yeyote. Kila mmoja akunje yake kwa namna anayoijua, kutoka karatasi ya A4. Wekeni mstari sakafuni, kila ndege irushwe mara tatu, umbali uandikwe. Mara moja haitoshi, maana mkono wenyewe hubadilika. Ndege inayoinua pua kisha kudondoka ina uzito mdogo mbele. Ibanwe kibanio kimoja cha karatasi puani. Inayopiga mbizi ikunjwe ukingo wa nyuma wa mabawa kuelekea juu, milimita 2 au 3, si zaidi. Mtoto wa miaka sita ataijua kanuni hiyo kwa vidole kabla hajaijua kwa maneno.

Kwa mtoto aliyepita miaka tisa, na hasa yule anayeona karatasi ni mambo ya kitoto, leteni baiskeli yenye pancha. Kuna heshima fulani katika kazi ambayo watu wazima hulipwa kuifanya. Mahitaji: vijiti viwili vya plastiki vya kufungulia tairi, kipande cha msasa, gundi ya viraka, viraka, pampu, beseni la maji na chaki. Bisibisi isitumike kufungulia tairi, kwa sababu ncha yake hutoboa tyubu, na mnajikuta na pancha mbili badala ya moja.

Igeuzeni baiskeli, mlitoe gurudumu, mmalize upepo uliobaki. Kabla ya kutoa tyubu, mtoto atie alama ya chaki kwenye tairi mkabala na vali. Alama hiyo itaonekana haina maana hadi dakika ishirini baadaye. Sukumeni tairi kwa vidole liingie katikati ya rimu pande zote, hapo litalegea. Ingizeni kijiti cha kwanza, kisha cha pili umbali wa spoku mbili au tatu, mzungushe. Mlezi aonyeshe cha kwanza, kisha mikono yake iende mfukoni. Tunasema mfukoni kwa maana halisi, kwa kuwa mikono iliyo nje haijizuii.

Tyubu ikishatoka, ijazeni upepo kidogo na kuizamisha kwenye beseni sehemu kwa sehemu. Mtoto atafute mapovu. Akiyapata, ataguta kama mtu aliyepata dhahabu. Kausheni, zungushieni tundu duara la chaki, kisha pigeni msasa sehemu kubwa kidogo kuliko kiraka mpaka ng'aro ya mpira ipotee. Pakeni gundi nyembamba. Sasa subirini dakika 5, mpaka gundi isishike kidole.

Kila mtu hukosea hapa. Gundi ya viraka haifanyi kazi ikiwa mbichi. Kimiminika chake lazima kiruke kwanza ndipo mpira ushikane na mpira. Anayebandika kiraka kwenye gundi iliyolowa atakiona kikiteleza, na kesho yake tairi liko chini. Basi dakika hizo 5 ziwe na kazi yake: rudini kwenye alama ya chaki. Pimeni umbali kutoka vali hadi tundu la tyubu, mhamishie umbali huo kwenye tairi kuanzia kwenye alama, na mahali hapo, au upande wa pili wa alama kama tyubu imegeuzwa, ndipo mwiba ulipo. Pitisheni kitambaa ndani ya tairi, si kidole kitupu. Kitambaa kitanasa kwenye ncha. Asiyeutoa mwiba atabandika kiraka cha pili jioni ileile. Matundu mawili madogo yaliyo sambamba hayana mwiba wowote. Hayo ni tyubu iliyobanwa kati ya rimu na jiwe kwa sababu upepo ulikuwa mdogo.

Bandikeni kiraka, kikandamizwe kutoka katikati kwenda pembeni kwa dakika moja. Tyubu irudishwe ikiwa na upepo kidogo ili isijikunje. Kipande cha mwisho cha tairi ni kigumu, na kishawishi cha kuchukua kile kijiti ni kikubwa. Msikichukue, kwa kuwa hubana tyubu. Tumieni viganja, wawili kwa pamoja, mmoja kila upande. Mwisho mtoto asukume baiskeli kwa miguu na kujaribu breki kabla ya kuipanda.

Kazi za namna hii zina tabia ya kuleta maneno mazito bila taarifa. Mtoto ameshika msasa, macho kwenye mpira, na kwa sauti ya kawaida kabisa anataja jambo la nyumbani au la shuleni ambalo linamfanya mlezi atake kuacha kila kitu. Usiache. Ukiweka kifaa chini na kumgeukia, atajua amesema jambo kubwa na atalifunga. Endelea kushika tyubu. Uliza kifupi: "Ikawaje?" Kimya kikirefuka, kiache kirefuke. Akisema, "Nikikwambia hutamwambia mtu?", jibu lisiwe ndiyo. Mwambie ukweli: mengi yatabaki kati yenu, ila likihusu yeye kuumizwa, au mtu mwingine kuumizwa, lazima umshirikishe anayeweza kusaidia, na utamwambia kwanza kabla ya kwenda. Wapo walezi wanaoogopa kwamba jibu hilo litamfunga mtoto mdomo. Mara nyingi haimfungi, na anayeahidi siri kisha akalazimika kuivunja humpoteza mtoto kabisa. Baada ya kikao, mweleze msimamizi wa mpango uliowakutanisha siku hiyohiyo, kwa maneno ya mtoto, bila kuongeza tafsiri yako.

Wiki ni ndefu kwa mtoto, na kitu kinachoota kati ya kikao na kikao huifupisha. Chukueni mitungi miwili ya kioo, si mmoja: wako na wake. Lowekeni maharage usiku mmoja. Tandazeni karatasi laini ya kufyonza maji ukutani mwa mtungi kwa ndani, chomekeni maharage matano kati ya karatasi na kioo yaonekane kwa nje, kisha tieni maji kina cha sentimita 1 tu chini. Karatasi itayapandisha yenyewe. Maharage yakizama yataoza. Hilo ndilo kosa la kila mtu mwenye huruma. Siku ya pili hadi ya nne mzizi hutokeza. Mizizi ikishafika sentimita 3, mwageni maji yaliyosimama chini, karatasi ibaki na unyevu, kisha mtungi mmoja ulazwe ubavu. Siku inayofuata mizizi itakuwa imepinda kuelekea chini, na mtoto atataka kuulaza upande mwingine kuona itafanya nini. Mwache. Matano ni kwa sababu moja au mawili hayataota, na mtoto asipate nafasi ya kudhani kwamba lake limekufa kwa kosa lake.

Kumbukumbu za mwezi pia hufaa, kwa mtoto mkubwa kidogo. Kila mmoja nyumbani kwake achore umbo la mwezi aliouona na saa aliyouona; mkikutana mnalinganisha. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku, na mzunguko kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu. Msimwambie. Michoro itamwambia.

Dama na sataranji zina tatizo moja, nalo ni tofauti ya uwezo. Mlezi akicheza kwa nguvu zake zote, mtoto anapigwa mara nane mfululizo na kuuchukia ubao. Akijifanya mjinga, mtoto hutambua, maana watoto ni wepisi mno kunusa ushindi wa bandia, na kinachovunjika hapo ni zaidi ya mchezo. Punguzeni kete waziwazi. Katika dama ya kete 12, mlezi aanze na 9, mtoto na zote, kisha mlezi acheze kwa bidii kamili. Mtoto akishinda michezo mitatu, mlezi anarudishiwa kete moja. Siku watakapoanza wote na 12, hakuna atakayehitaji kumsifu. Kuna namna nyingine tunayoipenda zaidi: kila baada ya hatua 10 geuzeni ubao, kila mmoja achukue upande wa mwenzake. Mlezi akiharibu upande wa mtoto, amejichimbia mwenyewe.

Kuna mambo yanayopendwa na walezi wapya ambayo hatuyapendekezi kwa miezi miwili ya kwanza. Filamu ni saa mbili za kukaa gizani bila kusemezana. Viwanja vya michezo vya kulipia humzoeza mtoto kupima kikao kwa fedha iliyotumika, na mzazi asiyeweza kulipa hivyo anabaki mdogo machoni pa mwanawe. Zawadi vilevile. Kitu kilichoundwa na wawili hakina tatizo hilo. Mtoto akikipeleka nyumbani, anapeleka kazi yake. Simu ya mlezi izimwe au iwekwe ndani ya mkoba, isilazwe mezani kifudifudi, kwa kuwa mtoto anajua inaweza kulia wakati wowote.

Shughuli zote hizi zifanyikie mahali panapoonekana na watu: uani, kwenye maktaba, uwanjani. Mzazi ajue mko wapi na mtarudi saa ngapi, na mrudi saa hiyo. Mtoto wa miaka sita hadi minane huchoka baada ya dakika 40 hivi, kwa hiyo kazi ikatwe kabla hajachoka, hata kama imebaki nusu. Iliyobaki nusu ndiyo inayomfanya aulize mtakutana lini. Kijana wa miaka 14 anaweza kuendelea saa tatu na kununa ukimkatisha. Siku na saa zisibadilike bila sababu. Mtoto ambaye watu wazima wamemwahidi mengi huhesabu vikao vilivyovunjwa, si vilivyofanyika. Utafiti wa mwaka 2002 juu ya mipango hii ulionyesha kwamba manufaa mengi yalitokea kwa jozi zilizodumu mwaka mzima au zaidi, na kwamba uhusiano uliovunjika ndani ya miezi michache ulimwacha mtoto akijithamini kidogo kuliko alivyoanza. Asiye na hakika ya mwaka mmoja asubiri kwanza.

Wekeni sanduku moja la vifaa vyenu, na lisitumiwe na mtu mwingine. Ndani yake yaingie pia yaliyoharibika: uti uliopasuka, kiraka kilichobanduka, ndege iliyopata umbali mdogo kuliko zote. Kuagana kukikaribia, taja tarehe wiki nne kabla, ili vikao vilivyobaki vihesabike. Kazi ya mwisho iwe ile aliyoipenda zaidi, safari hii akiongoza yeye mwanzo hadi mwisho, mlezi akiwa msaidizi wa kushika uzi. Sanduku abaki nalo mtoto. Kagua gundi ya viraka kabla ya kumkabidhi, maana bomba likishafunguliwa hukauka ndani ya miezi michache hata likiwa na kifuniko, na utamwachia bomba gumu kama jiwe. Tia jipya, ambalo halijatobolewa.